Wasifu wa Meli ya Mzee

Miaka ile ya tisini, Mtanzania wa Minneapolis au Saint Paul, huko Marekani, akifiwa na mzazi nyumbani, simu ya kwanza alimpigia mchungaji au shehe, na ya pili alinipigia mimi. Si kwamba nilikuwa hodari wa kufariji. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mtu akinililia begani zaidi ya dakika tano naanza kuangalia saa. Nilipigiwa simu kwa sababu nilijua kuandika wasifu wa marehemu.

Wengi wetu hatukuweza kwenda kuzika. Ulikuwa mwanafunzi, na ukitoka nje ya nchi hujui kama utaruhusiwa kurudi. Kwa hiyo tulikaa msiba huku huku, mara nyingi kitongoji cha Hopkins, katika fleti ya dada mmoja aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee, kwa sababu sebule yake ilikuwa pana na majirani zake wavumilivu. Kinamama wanapika pilau, wanaume wanakaa na makoti yao, na mimi nasimama mbele ya televisheni iliyofunikwa khanga nasoma wasifu kana kwamba jeneza liko pale. Baadaye karatasi inatumwa nyumbani kwa faksi ikasomwe tena makaburini.

Wasifu una njia yake. Marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akaugua, Mungu akamtwaa. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuupiga pasi. Katika wasifu nilizoandika hakuna mlevi hata mmoja, na hakuna aliyewahi kugombana na shemeji yake. Kuna mzee mmoja aliyeiba mbao za kanisa, kijiji kizima kinajua, nami nikaandika kwamba alishiriki kikamilifu katika shughuli za ujenzi wa kanisa. Sikuona kosa lolote. Mbao si alizishika kweli?

Wa baba yangu niliuandika mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia. Niliandika kwamba ameacha watoto sita. Tulikuwa saba. Huyo mwingine ni dada yangu wa mama mwingine, ambaye baba alimzaa kabla ya ndoa, na mama aliniomba kwenye simu nisimweke, tusije tukaaibika mbele ya kanisa. Nikamtii mama. Nilisikia baadaye kwamba dada alikuja mazikoni, akasimama nyuma ya watu, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka kabla ya chakula. Nilipoambiwa nilisema, basi, ndiyo maisha, nikarudi kwenye vitabu vyangu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha chini ya ardhi katika nyumba ya mzee mmoja huko Roseville. Alikuwa Mzungu, mjane, mrefu kiasi cha kuinama kwenye milango yake mwenyewe. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, lakini mtu wa umri wa baba yangu ulimi ulinikatalia, nikamwita Mzee. Aliniuliza maana yake. Nilipomweleza alifurahi kuliko nilivyotegemea, na kesho yake alimwambia mleta barua kwamba amepandishwa cheo. Mimi akaniita Binti. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na mtu mwingine angeniita hivyo angenijua, lakini yeye nilimwachia.

Macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. Pembeni aliona, katikati palikuwa ukungu mtupu. "Uso wako siujui," aliniambia, "lakini masikio yako nayafahamu vizuri sana." Mayai aliyakaanga kwa kusikiliza. Asubuhi za baridi kali alinisindikiza hadi kituo cha basi, na huko niliona jambo lililonishangaza. Mimi nilianza kupuliza mikono tangu mlangoni, glavu nimevaa na bado napuliza. Yeye hakupuliza kamwe. Vidole vinakuwa vyekundu, anaviacha vinaning'inia tu. Nikimwambia, "Mzee, si upulize basi," anageuza uso upande wa pili. Nikasema moyoni kwamba hawa watu wa Minnesota wana kiburi hata mbele ya barafu.

Jumamosi moja nilikuwa chumbani najizoeza kusoma wasifu wa mama wa mhandisi mmoja wa Lakeville. Nilisoma kwa sauti ya msibani, polepole, nikipumzika panapostahili. Nilipopanda juu kuchemsha maji nikamkuta Mzee amekaa kwenye ngazi.

"Ulikuwa unamsomea nani?"

Nikamweleza desturi yetu.

"Kwa hiyo mtu akifa mnasimulia maisha yake yote mbele za watu, tangu kuzaliwa?"

"Ndiyo. Asiposomewa watu watauliza kama hana ndugu."

"Basi niandikie wa meli yangu."

"Meli yako imekufa?"

"Walimkatakata akawa chuma chakavu."

"Basi kweli amekufa," nikasema. "Tuna marehemu."

Nilijua kwamba ujanani alikuwa baharia wa jeshi la majini wakati wa vita vya Korea, lakini sikujua mengine. Siku hiyo alinieleza. Waliowahi kupanda meli ile walikutana mara moja kila mwaka, kila mwaka mji mwingine, wakala chakula cha mchana na kuhesabu nani hayupo. Miaka mingi walikuwa wamemwomba Mzee aandike historia ya meli, naye alikuwa ameahirisha mpaka macho yakamwisha. Sasa alikuwa na sanduku la karatasi asizoweza kuzisoma. Mwaka huo, kwa kuwa hakuweza tena kusafiri, wenzake waliamua kumfuata yeye Roseville, mwezi wa nne, katika ukumbi wa kanisa lililokuwa jirani. Historia ilikuwa isomwe siku hiyo, na msomaji ningekuwa mimi.

Tukaanza kazi. Mchana, mimi nikiwa chuoni, Mzee alizungumza kwenye kaseti. Mimi nilizisikiliza maktaba na kuchapa kwenye kompyuta za chuo. Jioni, kabla ya taarifa ya habari, tulikaa jikoni na kahawa yake iliyokuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe, tukabishana.

Nilitegemea manowari ya fahari. Kumbe ilikuwa meli ndogo, pana, yenye tumbo bapa, iliyotengenezwa hivyo ili isogee karibu na ufuko mahali ambapo meli kubwa zingekwama. Sitaha ya mbele ilikuwa imejaa mitambo ya kurushia roketi, imepangwa safu kwa safu. Watu walikaa chini ghalani wakizipitisha roketi kwa mikono, mtu kwa mtu, mpaka juu. Kazi yake ilikuwa kuwatangulia askari wanaoshuka ufukweni, kuupiga ufuko kwanza ndipo wao washuke. Ikishaanza kurusha, meli yenyewe inapotea ndani ya moshi wake. Na kwa lile tumbo bapa, alisema Mzee, iliyumba hata ikiwa imefungwa bandarini.

"Wasifu huanza na kuzaliwa," nilimwambia. Kwa hiyo tukaandika kwamba marehemu alizaliwa katika karakana ya kusini, Vita Vikuu vya Pili vikielekea ukingoni, akiwa na ndugu wengi wanaofanana naye kama mapacha. Alifika kazini vita vimekwisha. Wakampaka mafuta mashine zake, wakamfunika, wakamlaza. Vita vya Korea vilipoanza wakamwamsha, naye akaamka. Vikaisha, wakamlaza tena.

"Na jina alipewa lini?" nikauliza.

"Jina la mto alipewa akiwa amelala. Kabla ya hapo alikuwa na namba tu. Sisi wa Korea tulipanda namba."

"Mzee! Amebatizwa mtu mzima, tena usingizini?"

Alicheka mpaka akapaliwa. "Iandike hivyo hivyo," akasema.

Nikaiandika hivyo hivyo. Kisha nikaandika jinsi walivyomwamsha mara ya tatu, wakati wa Vietnam, akiwa mkongwe, pamoja na ndugu zake wachache waliobaki, akafanya kazi kwenye fukwe na midomo ya mito, na mabaharia wapya waliokuwa wangali watoto wadogo alipokuwa Korea. Ugonjwa uliomsumbua ulikuwa kutu na pampu. Mwishowe wakasema hastahili kukarabatiwa, wakamuuza, akakatwa vipande mbali kabisa, huko Asia. Nilipomsomea sehemu hiyo Mzee alitoa leso. Nami, ambaye machozi ya watu hunichosha, nilijikuta naisikitikia meli isiyokuwa hata na jina katika ujana wake.

Niseme wazi kwamba nilimpenda mzee yule. Baba yangu alikuwa mtu wa kuongea na redio kuliko watoto. Huyu aliniuliza kila jioni nimejifunza nini siku hiyo, na akasikiliza jibu.

Mwezi wa tatu ilipigwa simu. Mmoja wa mabaharia alikuwa anamsomea Mzee majina ya watakaokuja. Mzee alikuwa akiitikia kila jina kwa kicheko, kisha kwa jina moja kicheko kikakatika. Alipoweka simu chini alibaki ameshika meza.

"Kuna mtu anakuja ambaye hajawahi kuja," akasema. "Tulilala kitanda cha juu na cha chini. Ana ugonjwa wa mapafu, binti yake atamleta. Hawezi kuja tena mara ya pili."

"Si vizuri basi?"

"Binti, wengine wote wanaweza kusinzia. Huyo lazima asikie. Historia yote hii nimekubali kuiandika kwa sababu yake."

Asubuhi yake alinipa kaseti moja peke yake. "Hii iingie pale Korea, kama ilivyo. Wala usinisomee kabla ya siku. Nikiisikia humu ndani nitaiogopa na kuibadilisha. Nitaisikia pale pale, pamoja naye."

Niliisikiliza maktaba, mchana, watu wakipita na mikoba yao. Kulikuwa na siku moja ya baridi kali kwenye bahari ya Korea ambapo roketi iligoma. Roketi ikigoma haiguswi. Inasubiriwa, na wakati huo mtu mmoja anasimama ameinua bendera nyekundu, na ikiwa juu hakuna anayesogea. Ikishushwa, mtu wa zamu anakwenda kuitoa na kuitupa baharini. Siku hiyo wa zamu alikuwa rafiki yake. Alisogea, roketi ikawaka, moto ukamla mkono wa kulia. Walipohojiwa, ikaandikwa kwamba aliikaidi bendera. Akavuliwa cheo na kurudishwa nyumbani na mkono ulioungua na jina lililoharibika. Mwenye bendera alikuwa Mzee, na Mzee alikuwa ameishusha mapema ili apulize vidole vyake. Halafu akasema hakuishusha.

Nilivua zile spika za masikioni. Nilikumbuka kituo cha basi na vidole vyekundu vinavyoning'inia. Nilirudisha kaseti nyuma nikasikiliza tena, na tena, mpaka nikayashika maneno yake yote kwa moyo.

Halafu nikayatoa.

Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda siku zote. Niliandika: "Katika kipindi cha baridi mwenzetu mmoja aliumia mkono akiwa kazini, akarudishwa nyumbani." Sentensi safi, imenyooka. Nilijiambia kwamba nampenda Mzee kuliko anavyojipenda mwenyewe, na kwamba mtu hawezi kupika kahawa na kualika watu ili aaibike mbele yao akiwa kipofu. Jioni aliniuliza, "Imeingia?" Nikamjibu, "Korea yote imeingia, Mzee." Nilijiona mwerevu kwa jibu lile.

Nilimweleza yule dada wa Hopkins, nikitaka kusifiwa, naye akanisifu.

"Umefanya la maana sana, mdogo wangu. Sasa mtu asimame a-confess mbele ya watu na sahani zao? Nani anasoma dhambi kwenye wasifu? Huko ni kumwaibisha mzee wa watu. Hiyo Saturday mimi niko off, nitakuja na pilau."

"Dada, hao ni Wazungu. Watakuwa na vyakula vyao."

"Vya kwao nimeshavila kazini. Marehemu anasomewa wasifu halafu hakuna pilau? Hapana."

Nilitoa nakala chuoni, za kutosha kila sahani, nikazibana pini. Jumamosi yenyewe theluji ya mwisho wa majira ilikuwa inadondoka kidogo kidogo, ile isiyokaa chini. Wazee walikuja na kofia zilizoshonwa jina la mto, hata wale wa Korea waliopanda namba. Kila sahani ilikuwa na nakala yake. Dada wa Hopkins alisimama karibu na sufuria lake kama askari wa zamu.

Rafiki aliingia mwisho, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na binti yake, mwanamke wa makamo. Kwenye kiti kulikuwa na mtungi wa hewa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na ngozi inayong'aa na vidole viwili vilivyoshikana. Mzee alisimama. Alimtafuta kwa pembe ya jicho, akanyoosha mkono. Yule akampa wa kushoto. Mzee akaketi meza hiyo hiyo, ng'ambo yake.

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti yangu ya msibani. Kwenye ndugu wanaofanana kama mapacha walicheka wakagonga meza. Kwenye lile tumbo bapa wengine waliguna kwa uchungu, maana walilijua. Nikaingia Korea. Mzee aliinamisha kichwa na kuweka mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri sindano. Nikasoma ile sentensi yangu safi, nikageuza ukurasa, nikaendelea na kurudi kwa meli na kulazwa kwake.

"Binti," Mzee akasema. Sauti haikuwa kubwa. "Umeruka."

Wazee wakageuza vichwa.

"Rudi pale."

Ningeweza kusema sijaruka. Ningeweza kusoma tena ile sentensi, polepole. Lakini niliangalia meza yao nikaona kwamba rafiki yake hakuwa ananitazama. Alikuwa ameweka vile vidole vyake vilivyoshikana kwenye karatasi, kwenye ukurasa wa Korea, anapita mstari kwa mstari, anarudi juu, anaanza tena. Binti yake naye alikuwa anatafuta kwenye nakala yake. Walikuwa wamesafiri na mtungi wa hewa kuja kutafuta mstari ambao mimi nilikuwa nimeufuta kwa adabu zangu. Hapo ndipo nilipomwona dada yangu, amesimama nyuma ya watu kwenye kaburi la baba, anasubiri kusikia kama atatajwa. Niliona aibu.

"Haipo kwenye karatasi, Mzee," nikasema. "Niliitoa mimi."

Aligeuza sikio upande wangu. Nilidhani atakasirika, na ningemshukuru kwa kukasirika.

"Unaikumbuka?"

"Yote."

"Basi iseme."

Nikaweka karatasi chini, nikasema kwa maneno yake mwenyewe. "Roketi iligoma. Mwenye bendera nyekundu nilikuwa mimi. Vidole vilikufa ganzi, nikaishusha bendera ili nivipulize. Yeye aliona imeshuka, akasogea, kama alivyotakiwa kufanya. Walipouliza, nilisema ilikuwa juu. Haikuwa juu. Yeye hakukosa."

Hakuna aliyegusa uma. Ulisikika ule mtungi tu, ukipumua badala ya mtu. Rafiki alikaa muda mrefu akimtazama Mzee, ambaye hakuweza kumwona uso.

"Nilimwambia mke wangu hivyo miaka yote," akasema. "Alikufa akiniamini nusu."

Mzee alifunika uso kwa mikono. Yule akamgeukia binti yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Na mimi nilikuwa nakuambia."

"Ulikuwa unaniambia," binti akasema. Kisha akanisogezea nakala yake juu ya meza. Hakunisogezea kwa ukali. "Naomba iandikwe," akasema.

Nikachukua kalamu. Niliandika pembeni mwa ile sentensi yangu, kwa mkono, maneno yote, mpaka karatasi ikajaa nikageuka kuandika kwa wima. Mzee akaomba kalamu atie sahihi. Nilishika kidole chake nikakiweka mahali, naye akasaini kwa kupapasa, jina lake likapanda juu ya maandishi yangu. Nilipomaliza, mzee wa meza ya pili akasukuma nakala yake. "Na yangu." Kisha mwingine. Nilipita meza kwa meza, Mzee akinifuata ameshika bega langu, mimi naandika, yeye anasaini. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, na hakuna aliyemwambia si kitu. Mmoja alimpiga begani, mwingine alisaini chini ya sahihi yake kama shahidi. Mkono uliniuma mpaka kwenye kiwiko, nami nikaona ni haki yangu.

Dada wa Hopkins alinifuata na sahani. Alikuwa ameelewa kila kitu, maana Kiingereza cha huzuni hakikumpita. "Kula kwanza," akasema, halafu kwa sauti ya chini, "Sasa mimi nilikushauri nini pale, jamani." Nikamwambia ushauri nilikuwa nimeutaka mwenyewe. Pilau ilikuwa imepoa, na wale wazee waliila yote. Rafiki alikula kwa mkono wa kushoto, akaongezwa, na Mzee aliyekaa kando yake sasa alimuuliza habari za mke wake, alikuwa mtu wa wapi, alipenda nini. Niliwaacha.

Walipokuwa wanaondoka tulisimama nje kumsubiri binti alete gari. Theluji bado ilikuwa inadondoka. Mzee hakuwa na glavu. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu, vinaning'inia pembeni kama kawaida yake, na rafiki alivitazama kutoka kwenye kiti chake.

"Unafanya nini?"

"Nini?"

"Mikono yako. Iko namna gani hiyo?"

Mimi ndiye niliyejibu, kwa kuwa siwezi kunyamaza. Nikasema hapulizi, hajapuliza tangu nimjue, baridi ya namna yoyote ile.

Yule mgonjwa alivuta pumzi mbili tatu, akipata hewa ya kutosha kusema.

"Puliza vidole vyako, mjinga wewe," akasema. "Bendera hakuna."

Mzee akainua mikono polepole, akaikusanya mdomoni, akapuliza. Alipuliza na machozi yanamtoka, na rafiki yake akamtazama mpaka gari lilipofika.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Sikwenda kanisani. Baada ya chakula cha mchana niliketi kwenye meza ya jikoni, Mzee akiwa sebuleni anasikiliza mpira, nikatoa ule wasifu wa baba kutoka kwenye faili langu. Niliusoma wote. Ulikuwa umepigwa pasi vizuri sana. Mama alikuwa bado hai, na nilijua atakavyosema, na nilijua kaka zangu watakavyosema kwenye simu. Nikachukua karatasi mpya nikauandika upya tangu kuzaliwa kwake, niutume kwa faksi kwao wote, na nakala moja kwa posta, kwa anwani niliyokuwa naijua siku zote.

Nilipofika mwisho niliandika: marehemu ameacha mjane na watoto saba. Nikawataja wote kwa majina. La dada yangu nililiandika la kwanza, kwa kuwa ndiye aliyezaliwa wa kwanza.